Ukiwa ndani ya kofia ya Iron Man, unaona nini?

Kuna aina ya video ambazo wengi wetu tunaziangalia usiku wakati tulipaswa kuwa tunasoma makala za utafiti. Jamaa yuko karakana kwake, Marekani au Ulaya, anatengeneza kofia ya shujaa wa filamu, ya kuvaa kichwani kabisa. Printa ya 3D inakoroma, msasa unapita, rangi nyekundu na ya dhahabu inapulizwa, muziki unapanda, kofia inavaliwa, picha inapigwa. Kwisha habari.

Ni nzuri kuangalia, sibishi. Lakini kama mafunzo ya kutengeneza kitu cha kuvaliwa, nyingi zina kasoro moja kubwa, na kasoro hiyo inawakwamisha vijana hadi huku Shishiyu, mkoani Simiyu, ambako niko kwa kazi ya utafiti. Zinaonyesha kofia kwa nje tu. Aliye ndani anaonaje? Anapumuaje? Shingo inasemaje? Hakuna anayeuliza.

Tuanze na kofia yenyewe inayoigwa. Katika Iron Man ya mwaka 2008, vazi lilitengenezwa kweli, na karakana ya Stan Winston. Lakini kumbuka zile picha za uso wa Tony Stark akiwa ndani ya kofia, taa za buluu zikimchezea machoni: hizo ni picha za uso mtupu uliopigwa kwa karibu, halafu kompyuta ikaongeza michoro. Kadiri filamu zilivyoendelea kutoka, sehemu kubwa zaidi ya vazi ikawa inachorwa na kompyuta. Kwa hiyo kofia tunayoiona ni vitu viwili vilivyounganishwa kwenye chumba cha uhariri: ganda la kutazamwa, na uso wa kuigiza. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Uingereza, kwenye kesi ya Lucasfilm dhidi ya Ainsworth, iliamua kwamba hata kofia ya askari wa Star Wars kisheria si sanamu, ni kifaa cha kutengenezea filamu. Mimi si mwanasheria, ila naona majaji waligusa penyewe. Sasa wewe unakichukua kifaa hicho cha filamu na unataka kwenda nacho kwenye mahafali ya shule.

Chukua rula tupige hesabu. Tuseme tundu la jicho lina sentimita 1.5 kutoka juu hadi chini, na jicho lako liko sentimita 5 nyuma yake, kwa usawa wa katikati ya tundu. Ukitazama mbele, mstari wa macho unaweza kushuka sentimita 0.75 tu kabla haujagonga ukingo wa chini. Gawa 0.75 kwa 5, unapata 0.15. Maana yake kwa kila mita moja ya kwenda mbele, macho yako yanaruhusiwa kushuka sentimita 15. Kama macho yako yapo mita 1.6 juu ya ardhi, kipande cha kwanza cha ardhi utakachokiona kipo mita 1.6 gawa kwa 0.15, yaani karibu mita 10.7 mbele yako. Kabla ya hapo ni giza. Jiwe, ngazi, mtoto wa miaka mitatu, mbuzi, vyote havipo. Utasema nitainamisha kichwa. Jaribu, kidevu cha kofia kitagonga kifua.

Ukisogeza jicho hadi sentimita 2 kutoka kwenye tundu, hesabu ileile inakupa mita 4.3. Bado si nzuri, lakini umepata nafuu kubwa bila kugusa sura ya nje hata kidogo. Umepunguza sponji ya mbele tu. Hiki ndicho kitu ambacho video ya dakika ishirini ingeweza kukisema kwa nusu dakika, na haikisemi.

Afrika Mashariki tunayo kofia ya kuvaliwa iliyolishughulikia tatizo hili kabla ya filamu zote hizi. Wamakonde, wa kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, wana lipiko, au mapiko zikiwa nyingi. Ni barakoa ya kichwa kizima, inachongwa kwa mti mwepesi na kuchimbwa ndani mpaka kuta zinakuwa nyembamba. Inavaliwa kama unavyofunika kichwa kwa chungu, imelalia nyuma kidogo, kitambaa kikificha shingo. Na mchezaji hatazami kupitia macho ya barakoa. Anatazama kupitia mdomo. Fikiria ujanja wake: macho yamebaki huru kuwa sura tu, yachongwe madogo au yafumbe kama fundi anavyotaka, wakati dirisha halisi ni uwazi mwingine ambao mtazamaji hauhesabu kama jicho. Mtu anacheza ngoma nzito, miguu inakwenda, vumbi linapanda, na haanguki.

Inaniuma kidogo kwamba kofia za aina hii tumezizoea zaidi ndani ya kabati la kioo. Mwaka 1984 barakoa moja ya Kimakonde iliibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Baadaye ikaonekana Geneva, kwenye mkusanyo wa Makumbusho ya Barbier-Mueller, na mwaka 2010 ikarudishwa Tanzania. Ni vizuri imerudi. Ila kwenye kioo, Geneva au Dar, inatazamwa kama ile picha ya mwisho ya video: kwa mbele, taa nzuri, bila kichwa cha mtu ndani.

Sasa Shishiyu. Kijana mmoja wa kidato cha pili hapa ametengeneza kofia ya Iron Man kwa maboksi ya dukani, na nimeomba ruhusa yake kuihakiki kama tunavyohakiki kazi ya mtu mzima. Kwa nje ina matatizo. Taya limepinda upande wa kushoto, na rangi ya dhahabu ni njano tu, tusidanganyane. Lakini ule mfereji mweusi wa mdomo ameutoboa kweli, kutoka shavu hadi shavu, akaweka kipande cha wavu wa dirishani alichokipaka rangi nyeusi. Nilipoivaa niliona miguu yangu. Nilimuuliza kama amewahi kuona lipiko, akasema hapana, alichoka tu kujikwaa.

Wavu mweusi nao una sayansi yake. Wavu mweupe ukipigwa na jua hutawanya mwanga kila upande, mwingine ukaingia machoni mwako, ukaona ukungu. Wavu mweusi unaumeza mwanga huo. Na kwa kuwa ndani ya kofia kuna giza kuliko nje, wewe unaona nje, wa nje hakuoni. Ni sababu ileile inayomfanya mtu aliye nje mchana asione ndani ya nyumba yenye nyavu madirishani. (Usitumie chandarua chenye dawa, tafadhali. Hicho kinakaa puani kwako.)

Kosa lake la kweli ni uzito. Ameongeza tabaka nyingi mbele ili sura ikae vizuri, kwa hiyo kofia inadondokea mbele, na shingo ya nyuma inafanya kazi muda wote kuirudisha. Dawa anayo nyumbani kwao: ngata. Ile ngata ya kubebea ndoo ukiishona ndani juu na kuisogeza kidogo, unachagua mwenyewe kofia ikalie wapi, na hapohapo unapata nafasi ya hewa kati ya utosi na boksi.

Nilichokipenda zaidi ni kwamba hakusubiri printa. Wenzake darasani waliacha baada ya kuona kwenye video kwamba bila printa ya 3D hakuna kofia. Sipingi printa. Taji la Malkia Ramonda kwenye Black Panther lilichapwa kwa 3D, likifuata umbo la kofia ya wanawake wa Kizulu walioolewa, na Ruth E. Carter aliyesimamia mavazi ya filamu ile alipata tuzo ya Oscar mwaka 2019. Ni kazi ya heshima, na umbo lile lingekuwa gumu kufuma kwa mkono. Lakini PLA, plastiki inayotumika sana kwenye printa za nyumbani, huanza kulegea kwenye nyuzi joto 60 hivi. Iache kwenye gari lililofungwa, juani, halafu urudi uone shujaa wako amekunja uso.

Boksi na uji wa unga havina shida hiyo. Ukipika unga wa ngano au wa muhogo kwenye maji, chembe za wanga zinavimba na kupasuka joto likipita nyuzi 60 hivi, minyororo yake inatoka na kushikamana na selulosi ya karatasi. Ndiyo maana unga uliokorogwa kwa maji baridi haushiki vizuri. Na selulosi Simiyu hatujakosa, mkoa mzima ni pamba, na nyuzi za pamba kwa takriban asilimia 90 ni selulosi. Badala ya tabaka la kumi la gazeti, weka vipande vya kitambaa kikuukuu cha pamba vilivyolowa uji, kila tabaka likielekea upande tofauti na la chini yake. Hapo unafanya kanuni ileile ya fibaglasi: nyuzi zinabeba mvuto, gundi inazishika zisihame. Tofauti ni kwamba hakuna mvuke wa kemikali wa kukuumiza mapafu. Wale wa video wanaomwaga rezini chumbani wakiwa wamevaa barakoa ya kitambaa wanajidanganya, kitambaa kinazuia vumbi kiasi, mvuke kinaupitisha. Adui yako wewe ni unyevu na panya. Fanya kazi hii kiangazi, kila tabaka likauke kabla ya lingine.

Kulainisha uso, tumia chaki. Chaki za Maswa zinatengenezwa humuhumu mkoani, na vipande vilivyovunjika havikosekani shuleni. Saga, changanya na gundi nyeupe ya mbao, paka, ikikauka piga msasa. Chaki ya jasi peke yake haitaganda tena ukiiloweka, kwa sababu jasi hiyo ilishakunywa maji yake kiwandani. Gundi ndiyo inayoshika, jasi inajaza mashimo tu. Kitambaa, gundi na jasi: Wamisri wa kale walitengeneza barakoa za maiti kwa mchanganyiko wa jamii hii, wakitumia kitani, na nyingine ziko majumba ya makumbusho hadi leo.

Kipimo ndicho kinachowashinda wengi, wenye printa na wasio nayo. Unapima kichwa, unapata mzunguko wa sentimita 57, unatengeneza kofia ya sentimita 57, haiingii. Ukuta na sponji vikiwa na unene wa sentimita 1.5 pande zote, mzunguko wa nje unaongezeka mara 2 ya 3.14 ya 1.5, yaani sentimita 9.4. Kofia yako inatakiwa iwe na takriban 66 kwa nje. Acha pia mlango wa nyuma au wa kidevuni, maana pua yako ni sehemu ya kipimo.

Halafu pumzi. Hewa unayoitoa ina kaboni dayoksaidi karibu asilimia 4, ya nje ina asilimia 0.04 tu. Kofia iliyoziba inakurudishia sehemu ya pumzi yako mwenyewe, na joto lake, na unyevu wake. Hewa moto hupanda, kwa hiyo toboa juu ambako haipaonekani na uache njia chini. Ukianza kuumwa kichwa, vua, usisubiri picha.

Jambo moja sitalifanyia mzaha. Nimeona mtu amepakiwa kwenye bodaboda na kofia ya aina hii kichwani, na dereva akaridhika kwamba abiria "amevaa helmeti". Ukianguka kichwa kikatoka urefu wa mita 1.5 na kusimama ndani ya sentimita 2, kama inavyofanya ile sponji ngumu ya helmeti halisi inapobonyea, gawa 1.5 kwa 0.02: kichwa kinapata mpunguo wa kasi mara 75 ya mvutano wa dunia. Kikisimama ndani ya milimita 2, ni mara 750. Boksi linabonyea bila mpango, na plastiki ya printa inaweza kupasuka vipande karibu na macho. Kofia ya shujaa, iwe ya Shishiyu au ya Los Angeles, si helmeti. Video nyingi haziliandiki hilo hata kwa herufi ndogo.

Kwa hiyo wewe unayetengeneza na kurekodi, ombi langu ni dakika moja. Wasukuma wana mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, yanayojulikana sana kwenye sherehe za Bulabo pale Bujora, ambapo makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja na kundi lililovuta watu wengi ndilo limeshinda. Pale huwezi kushinda umesimama. Kabla ya ile picha yako ya mwisho, weka simu ndani ya kofia, pale jicho linapokaa, washa kamera, utembee nayo kutoka mlangoni hadi bombani na kurudi. Kisha weka kipande hicho kwenye video bila kukikata.