Meza Iliyolazwa Juu ya Mpasuko

Lau fundi yule angaliinamisha meza ya jiwe lake, yaani uso wake mpana wa juu, nyuzi 10 tu kabla ya kulipeleka kwenye gurudumu, leo tungalikuwa tukisifu fosfofiliti iliyokatwa kwa ustadi, wala nisingalikuwa na haja ya kushika kalamu; lakini hakuinamisha, nami sioni udhuru wowote unaoweza kumwepusha na lawama. Wasomaji wa safu hii mmekwisha kuitazama ile filamu inayomwonyesha akilikata jiwe hilo, na kwa hiyo sitaisimulia kadhia yote toka awali hadi tamati, bali nitasimama pale pale penye kosa.

Mnakumbuka alivyoligeuzageuza jiwe mbele ya taa, kisha akalituliza upande ule mpana, akaridhika, kwa kuwa ulimpa uso mkubwa kwa hasara ndogo. Tazameni tena kona yake ya kushoto. Ndani ya jiwe, chini kidogo ya uso ule, pana utando mwembamba wenye rangi za upinde wa mvua. Fundi aliuona, maana alichukua kitambaa chenye spiriti akafuta, na baada ya kufuta rangi zile zikabaki vile vile. Uchafu ungalitoka. Rangi zisizofutika ni nuru inayocheza katika ufa, na ufa ulionyooka sambamba na uso, katika jiwe lisilopata kupigwa wala kuanguka, ni mpasuko wenyewe, yaani mwelekeo ambao jiwe hujigawa kwa urahisi. Hapo ndipo ilipompasa kulibandua jiwe kwenye kijiti kinacholishika na kuanza hesabu upya. Yeye akaweka kitambaa chini, akalaza meza juu ya mpasuko ule ule, akawasha gurudumu.

Yaliyofuata hayakuwa bahati mbaya. Fosfofiliti ina mpasuko kamili upande mmoja, na pande nyingine mbili ambako hupasuka kwa shida kidogo zaidi. Na uso uliolala sambamba na mpasuko kamili haukubali kung'arishwa, kwa sababu gurudumu, badala ya kusaga chembe kwa chembe, huinua tabaka nzima, nayo ikiondoka huacha chini yake tabaka nyingine yenye kingo zilizochanika, kama kitunguu kinachomenywa na mtu anayedhani atafika penye ganda la mwisho. Alipouona ukungu hauondoki, akaongeza unga wa kung'arishia. Ulipozidi kukaidi, akaongeza nguvu ya mkono, tena juu ya jiwe ambalo ugumu wake ni 3 hadi 3.5 katika kipimo cha Mohs, yaani sawa na sarafu ya shaba au zaidi yake kidogo. Ile kona ya kushoto ikamega. Sauti ya kumegeka haikusikika kwa mngurumo wa mashine, lakini mkono wake ulisimama ghafla, na kila aliyepata kukata vito aliufahamu msimamo ule.

Kazi nyingine aliifanya vyema: sehemu ya chini aliikata kwa nyuzi 42, zinazostahiki jiwe lipindalo nuru kwa kiasi cha 1.6, na kijiti alikitia gundi baridi.

Gundi hiyo nitaitaja tena, ijapokuwa najua kuna wanaochoka kunisikia. Fosfofiliti ni fosfati ya zinki na chuma, na katika umbile lake mmefungwa maji, molekuli nne kwa kila fomula. Kuibandika kwa nta ya moto ni kuyachokoza maji hayo pamoja na mpasuko kwa wakati mmoja, na bado wapo mafundi, wengine wenye sifa kubwa, wanaoendelea na nta kwa sababu ndiyo waliyoizoea.

Amma chanzo cha kosa lenyewe ni kile kile nilichokwisha kukilaani miaka nenda miaka rudi, nacho ni ibada ya karati. Aghalabu majaji wa mashindano huliinua jiwe zito lenye uso wa ukungu, wakalipita dogo liwakalo kila upande, na fundi kijana huona, hujifunza. Kuinamisha meza kungalimpunguzia jiwe uzito, naam. Lakini kona iliyomegeka nayo ilikuwa na uzito.

Wakubwa waliotangulia hawakuuogopa upungufu huo. Gabriel Tolkowsky alipokabidhiwa almasi ya Centenary, ghafi yenye karati 599, alikataa leza na msumeno kwa kuchelea joto na mtikisiko, akaziondoa nyufa kwa mkono muda wa siku 154, na takribani karati 50 zikaenda kabla hajaanza kuitengeneza sura yake. Ikatoka na karati 273.85. Lazare Kaplan naye aliichunguza almasi ya Jonker, ya karati 726, kwa miezi mingi, akaikataa njia waliyoipendekeza wataalamu wa Ulaya, ndipo mwaka 1936 akaipasua, ikapasuka alivyotaka. Hao walishughulika na kitu kigumu kuliko vyote. Tena si lazima twende mbali, kwani wakataji wa tanzanaiti kule Arusha, ambao jiwe lao nalo lina mpasuko kamili wa upande mmoja, huutafuta kwanza ndipo wachague meza.

Fosfofiliti ilitambuliwa Hagendorf, Ujerumani, mwaka 1920, lakini fuwele zilizoipa fahari yake zilitoka mgodi wa Unificada, katika mlima wa Cerro Rico huko Potosí, Bolivia, hususan miaka ya 1950, na mfano wake haupatikani tena kwa urahisi. Kwa hiyo nawasihi ninyi mlio nazo: kabla ya kumkabidhi fundi yeyote, mwambieni awaonyeshe kwa kidole mpasuko ulipo, na awaeleze meza ataiinamisha nyuzi ngapi kutoka hapo. Akisita, chukueni jiwe lenu mrudi nalo nyumbani.