Njia ya Mbio Huanza kwa Mbeba Mzigo

Goma haina mto. Mvua ikinyesha, maji huzama katika mawe ya lava na kushuka ziwani kwa chini, bila kuchimba bonde wala kuacha ukingo. Kwa hiyo anayetaka kukimbia asubuhi huchagua kati ya mabaya mawili: barabara ya lami anayogawana na malori na pikipiki, au vichochoro vya mawe makali vinavyokata soli na kutegua vifundo vya miguu. Na kusini mwa mji limelala Ziwa Kivu, kwenye kimo cha kama mita 1,460, na ukingo ambao kwa sehemu kubwa mwenyeji wa kawaida hawezi kuufuata kwa mguu.

Mashambani Ufaransa hali ni nyingine. Huko mtu anaweza kukimbia kutwa kando ya mto au mfereji bila kukutana na gari. Wengi hudhani hiyo ni zawadi ya mandhari. Ukiichambua njia yenyewe, unaona kwamba imetokana na kazi ya mafundi na sheria za dola, na kwamba hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa akimfikiria mkimbiaji. Walimfikiria farasi.

Usawa wa njia

Tuchukue Canal du Midi, mfereji wa kilomita 240 unaotoka Toulouse hadi ziwa la chumvi la Thau, kando ya Bahari ya Mediterania. Mfalme Louis XIV aliuidhinisha kwa amri ya Oktoba 1666. Msimamizi wake, Pierre-Paul Riquet, alikuwa mkusanyaji wa kodi ya chumvi. Alifariki Oktoba 1680, na mfereji ukafunguliwa Mei 1681. Mashua zake zilikokotwa kwa kamba na farasi waliotembea ukingoni, kwa sababu juu ya maji farasi mmoja huvuta mzigo mkubwa mara nyingi kuliko anaouweza barabarani.

Maji ya mfereji hayavumilii mteremko. Yakiinama kidogo tu, hukimbilia upande mmoja na kuacha mashua matopeni. Ndiyo maana mafundi waliufuata mstari wa kimo kimoja, wakizunguka vilima badala ya kuvipanda, hata kama safari ingerefuka. Kati ya Argens na ngazi za maji za Fonsérannes, karibu na Béziers, mfereji unakwenda kilomita 54 kwa kimo kilekile. Njia ya farasi ilijengwa kando ya maji, nayo ikarithi usawa huo.

Mahali ambapo hapana budi kupanda, walijenga vyumba vya mawe vyenye milango: mashua huingia, maji hujazwa, nayo huinuka. Kutoka Toulouse hadi kilele cha Naurouze, chenye kimo cha mita 189, mfereji hupanda mita 57 hivi katika kilomita 52. Lakini kupanda huko hakukutawanywa njiani. Kote kumebanwa katika miinuko mifupi iliyo kando ya vyumba hivyo. Mkimbiaji hupata kipande kirefu cha tambarare, kisha hatua chache za kupanda, kisha tambarare tena. Mapigo ya moyo hutulia, na mwendo hupimika.

Jambo la tatu ni madaraja. Kamba inayounganisha farasi na mashua haiwezi kukatisha barabara yenye mikokoteni. Kwa hiyo, kwenye madaraja mengi, njia ilipitishwa chini ya tao pamoja na maji. Leo mkimbiaji hupita chini ya magari bila kusimama, kwa sababu ya kamba ambayo haipo tena.

Upana ulioandikwa

Usawa peke yake usingetosha. Ardhi ya ukingoni ni tamu, na kila mwenye shamba hutaka ukuta wake uguse maji. Hapo ndipo sheria iliingia. Amri ya Agosti 1669 kuhusu maji na misitu, iliyotayarishwa chini ya waziri Colbert, iliwataka wenye ardhi kando ya mito inayopitika kwa mashua waache futi 24 upande wa kukokotea na futi 10 upande wa pili, bila mti wala ua. Vipimo hivyo bado viko katika sheria ya Ufaransa, vikiwa vimegeuzwa kuwa mita: 7.80 na 3.25. Mwenye ardhi anabaki na hati yake, ila hana ruhusa ya kuziba kipande hicho.

Injini zilipochukua kazi ya farasi, njia zikabaki bila kazi, lakini upana ulikuwa umekwisha kulindwa kwa vizazi. Mwaka 1991 Ufaransa iliunda shirika la Voies navigables de France, ambalo leo linasimamia kilomita 6,700 hivi za njia za maji pamoja na kingo zake. Mwaka 2006 sheria mpya ya maji iliwafungulia waenda kwa miguu hata ule upande mwembamba. Waliokuja kukimbia walikuta njia iliyo sawa, pana, isiyo na magari, na yenye mtu wa kuulizwa ikiharibika.

Nachukua funzo moja kubwa hapo. Njia ya starehe inayodumu ni ile iliyoanza kama njia ya kazi. Bustani hufutwa bajeti inapokauka. Njia ambayo mkate wa watu unapita juu yake hutetewa.

Goma tunaye farasi wetu

Mkokotaji wa Goma ni chukudu. Gari hili la mbao lisilo na injini hubeba mamia ya kilo za viazi, makaa, mbao na madumu ya maji. Mahitaji yake ya njia ni yaleyale ya farasi wa Riquet. Kilima humtesa msukumaji, mteremko humtia hatarini, na msongamano wa magari humtupa pembeni. Mkimbiaji naye, kwenye kimo hiki ambapo mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 85 ya ule wa pwani ya bahari, huulipia kila mwinuko kwa pumzi. Njia inayomfaa msukuma chukudu itamfaa na yeye.

Kimo chenyewe hatuhitaji kukitafuta. Ziwa ni mstari wa usawa uliochorwa tayari, na kimo chake hakipandi wala kushuka sana, kwani maji yanayotoka kupitia mto Ruzizi husimamiwa kwenye bwawa la Ruzizi I tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Njia iliyowekwa mita chache juu ya maji, ikifuata mikunjo ya ukingo, ingekuwa karibu tambarare mwanzo hadi mwisho.

Vifaa navyo tunavikanyaga. Mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 17 Januari 2002 ulipeleka lava katikati ya mji hadi ziwani, na watu wakajenga upya juu yake. Lava hiyo ikipondwa ni msingi mzuri, kwa sababu hupitisha maji. Njia nyingi za udongo kando ya mifereji ya Ufaransa hugeuka tope wakati wa baridi, ilhali yetu ingejikausha yenyewe. Kazi ngumu iko kwenye tabaka la juu: changarawe laini ya volkano, iliyoshindiliwa vizuri, ifunike ncha za mawe. Hatua hiyo ikirukwa, tutakuwa tumejenga kichochoro kingine cha kukata viatu.

Kuna tahadhari moja ambayo Ufaransa haiwezi kutufundisha. Kaskazini mwa ziwa, hasa upande wa magharibi wa mji kuelekea Bulengo na Lac Vert, kuna mazuku: hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kujikusanya kwenye mabonde kwa sababu ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Huua wanyama na watu. Hatari yake ni kubwa usiku na alfajiri, upepo ukiwa umetulia, yaani saa ileile ya wakimbiaji. Kwa hiyo njia ya Goma haipaswi kushuka kwenye shimo lolote. Palipo na bonde, ijazwe mawe na kuinuliwa. Palipo na mazuku yanayojulikana, njia ipite mbali, na kibao kiwekwe.

Kinachotukosa ni ule upana. Kwenye sehemu kubwa ya ukingo, kuta za nyumba na hoteli zimefika majini. Lakini kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi ya nchi yetu, Kongo, ni mali ya dola, na mtu hupewa haki ya kuitumia. Kwa hiyo mahali pa kuanzia ni mezani, kila hati inapotolewa au kuhuishwa. Mita 3.25 ziandikwe kuwa za wapita njia. Upana huo unatosha chukudu mbili kupishana na mtu kupita pembeni.

Najua mji huu una majeraha makubwa. Uliingia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na siku zile mabomba yalipokauka, familia nyingi zilishuka ziwani na madumu. Hiyo ndiyo sababu ya kuliweka suala hili mbele. Njia ya kufikia maji kwa usalama ni haja ya kila nyumba, na haja hiyo ndiyo itakayoilinda dhidi ya ukuta ujao. Tuanze na maeneo ambayo bado yako wazi, pale watu wanapochota na kupakua mizigo, tuyapime, kisha tuyaunganishe kipande kwa kipande. Tukimjengea mchota maji na msukuma chukudu njia iliyo sawa, iliyo pana na iliyoandikwa katika hati, vijana wanaokimbia alfajiri watakuwa nayo pia, na hakuna atakayeweza kuwaambia kwamba walipewa anasa.