Swali la "umejuaje?" katika utetezi wa tasnifu

Jopo la watahini wa shahada ya uzamivu huuliza mengi, ila swali linalowalemea watahiniwa wengi ni fupi: umejuaje? Anayeanza kulitafutia jibu wiki ya mwisho amechelewa. Jibu hujengwa kidogo kidogo, tangu chanzo cha kwanza kinaposomwa.

Tuchukue tasnifu juu ya Vita vya Majimaji huku Ungoni. Misheni ya Peramiho, iliyoanzishwa na Wabenediktini mwaka 1898, ilichomwa moto mwaka 1905, na Padre Francis Leuthner akauawa. Tunayo maandishi ya wamisionari. Tunayo pia masimulizi ya wazee, yaliyokusanywa mwaka 1968 na wanafunzi wa Chuo cha Dar es Salaam, wakati huo sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki.

Mtahini makini atapiga hesabu. Mzee wa miaka 75 mwaka 1968 alikuwa na miaka 12 vita vilipoanza. Lipi aliliona, lipi alisimuliwa na baba yake? Mmisionari aliandika mambo yakiwa bado mabichi, lakini aliwaandikia wakubwa wake Ujerumani. Tena Wangoni walikuwa na himaya mbili: Njelu ya Nkosi (mtawala) Mputa, ilikokuwa Peramiho, na Mshope ya Nkosi Chabruma. Je, simulizi la Mshope linatosha kueleza kilichotokea Njelu?

Maswali kama hayo yanahitaji daftari lenye safu nne: dai, chanzo, udhaifu wa chanzo, na sababu ya kuendelea kulishikilia dai. Lijazwe siku ile ile unaposoma au kuhoji, kabla kumbukumbu haijafifia. Miaka mitatu baadaye, safu ya nne ndiyo itakayokusemea.

Kila sura ikikamilika, ieleze kwa mdomo bila karatasi. Msimamizi atakubana kwenye nadharia, wenzako wa semina watakubana kwenye mbinu. Kisha rudi kwa wenyeji. Mzee wa Peramiho atataka kujua ni ukoo gani uliokusimulia, na hilo ni swali la kitaalamu kabisa: ni uhakiki wa chanzo.

Tasnifu ikishawasilishwa, isome upya ukiwa na kalamu, uorodheshe makosa yako mwenyewe, kisha waombe wenzako wakutahini kwa muda mrefu bila huruma. Swali likivuka ushahidi wako, sema ushahidi unaishia wapi na ungetafuta nini zaidi. Watahini huliheshimu jibu hilo kuliko ubishi.

Kazi hii ni ndefu, na inastahili kufanywa. Tarehe 27 Februari 1906 viongozi wa Wangoni walinyongwa Songea kwa kupigana vita hivyo. Waliohifadhi habari zao vinywani kwa miongo sita wana haki ya kupata mtafiti anayeweza kusimama mbele ya jopo na kueleza kila neno alilitoa kwa nani, na kwa nini aliliamini.