Machozi ya "The Champ"

Huenda senema hii umekwisha kuiona, au watoto wako wameiona nawe huna habari, na huenda mlilia. Ilitengenezwa mwaka 1979 na Franco Zeffirelli, Mtaliana, kwa kufuata nyingine ya jina hilo hilo ya mwaka 1931. Mwaka 1995 wataalamu wawili wa elimu ya nafsi wa Marekani, Gross na Levenson, walitoa matokeo ya kuwaonyesha watu vipande vya senema ili kupima hisia zao, na mwisho wa hii ulikuwa miongoni mwa vilivyotia huzuni kubwa kabisa. Basi aliyelia simlaumu. Nauliza tu, tulikuwa tukimlilia nani, na kwa jambo gani?

Kisa chenyewe ni hiki. Billy Flynn alikuwa bingwa wa ngumi zamani. Sasa anatunza farasi wa mashindano huko Hialeah, Florida. Ni mlevi, ni mcheza kamari, naye anamlea peke yake mwanawe, T.J., kwani mama mtu aliwaacha miaka saba nyuma. Mama yule akatokea, tajiri, akamtaka mtoto. Baba akaona atanyang'anywa kila kitu. Akakimbilia wapi? Kule kule kwenye kamari, hata farasi aliyempa mwanawe akaliwa na deni. Akafungwa kwa ugomvi, akamfukuza mtoto kwa ukali aende kwa mamake. Alipotoka alirudi ulingoni na umri umekwisha kumpita, akashinda, kisha akafa mbele ya macho ya mtoto.

Nasema kwa insafu: Jon Voight ameigiza vizuri, na yule mtoto, Ricky Schroder, vizuri zaidi. Ubaya wa senema umo ndani ya uzuri huo. Inamnong'oneza mtazamaji kwamba mradi baba anampenda mwanawe, dau lake ni safi.

Na hoja hii si ngeni. Waarabu wa zama za Jahiliya walikuwa wakichinja ngamia, kisha wakipiga kura kwa mishale kumi: saba ina mafungu, mitatu ni mitupu. Aliyeshinda alikuwa hali ile nyama; aliwapa masikini, tena kwa fahari. Je, kuna nia njema kupita kumlisha mwenye njaa? Hata hivyo, katika Suratul-Baqara, aya ya 219, Mwenyezi Mungu anatujulisha kuwa kamari ina manufaa, ila dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa hayo. Na katika Suratul-Maida, aya ya 91, ametufunulia anachokitaka shetani ndani yake: uadui na chuki baina yetu. Mwangalie Billy. Alicheza ili aipate jamaa yake, akaishia kumfukuza mtoto aliyekuwa akimpigania.

Hivi leo vijana wetu wanabeti kwa simu, na orodha ya dau lao wanaiita "mkeka". Mkeka, jina la kitu tunachotandika tukaswali! Wapo na akina baba wanaocheza ada ya shule wakidhani watairudisha maradufu kabla mama watoto hajauliza. Hao ukiwaonyesha Billy Flynn watajiona mashujaa.

Lile pigano la mwisho ndilo linalosifiwa, ati hapo baba ametubu, ameacha kamari, ameshika kazi. Mimi naona dau lile lile, ila safari hii ameweka kichwa chake. Mtume (S.A.W.) amekataza kumpiga mtu usoni, na Baraza la Fiqhi la Rabita, Makka, liliharamisha mchezo huu mwaka 1987 kwa madhara yake. Toba ni kuliacha jambo. Billy alikuwa na kazi ya farasi, yenye ujira mdogo lakini wa halali. Senema haikuona uzuri wowote katika kumwonyesha akiishikilia, akalipa deni kidogo kidogo, akakaa na mamake mtoto wakapatana nani amlee na vipi. Pengine hilo halilizi watu.

Mwishowe mtoto alichukuliwa na mamake. Hata baba angalikuwa hai, mlango huo ulikuwa wazi.