Juu ya Hadithi ya Uhura

Hadithi ya Star Trek, iliyoanza katika televisheni ya Marekani mwaka 1966, yasimulia wasafirio kwa merikebu kati ya nyota. Mmoja wao ni Mwafrika, bibi Uhura, ambaye jina lake latokana na neno letu uhuru. Mwaka 1967 chombo kiovu kilimfuta kumbukumbu zote. Akifundishwa kusoma upya, alipokwama alinena Kiswahili. Juma lililofuata yu kazini, mzima kabisa! Baadhi ya wapenzi wa hadithi hiyo hutetea kwamba kila kipindi hujitegemea, kwa ajili ya aliyekosa kile cha nyuma. Hatukubali. Hapa Mbeya, bibi akimvunja sungura mguu leo, kesho watoto watauliza kama amepona. Tena jina la kwanza la Uhura, Nyota, halikutajwa katika masimulizi hayo mpaka sinema ya mwaka 2009.