Hongereni, Watafiti wa Simba wa Serengeti

Tangu mwaka 1966, George Schaller alipoanza kuwafuatilia simba wa Serengeti, kazi hiyo imepokezanwa kutoka kizazi hadi kizazi. Watafiti humtambua kila simba kwa vidoa vya masharubu yake, na kuandika nani kazaa, nani kafa, na kwa nini.

Subira hiyo ilizaa matunda mwaka 1994. Simba walipoanza kutetemeka na kufa, kumbukumbu zilionyesha ukubwa wa msiba: takriban theluthi moja walipotea. Maabara ikabaini virusi vya distempa, ugonjwa wa mbwa. Ndipo mbwa wa vijiji jirani wakachanjwa dhidi yake, pamoja na kupewa chanjo ya kichaa cha mbwa inayowakinga hata watoto wetu.

Mtafiti Craig Packer na wenzake wakaonyesha pia kwamba kuwinda madume vijana kunawaponza watoto wao, kwani dume mgeni huwaua. Tanzania ikaweka miaka 6 kuwa umri wa chini wa simba wa kuwindwa.

Pongezi kwenu, watafiti na wasaidizi mnaodamka kila alfajiri. Wenye dhamana na wafadhili, msiiache kazi hii ikatike.