Riwaya Sikioni: Tatu Nilizozimaliza na Moja Ninayoisubiri

Ile hoja ya ati kusikiliza kitabu si kusoma, wacha tuiweke kando mapema. Tenzi zilisomwa kwa mahadhi mbele ya watu ambao wengi wao hawakuwahi kushika muswada, na hakuna aliyewaambia wamedanganya. Swali linalonisumbua mimi ni jingine: riwaya ipi hunufaika ikisomwa kwa sauti, na ipi huumia? Kwa miezi kadhaa sasa, jam ya Thika Road imenipa muda wa kutosha kulichunguza.

Iliyonishika kabisa ni My Sister, the Serial Killer ya Oyinkan Braithwaite, iliyotoka mwaka wa 2018. Korede ni nesi jijini Lagos. Mdogo wake, Ayoola, ni mrembo kupindukia na ana tabia ya kuua wapenzi wake. Akishaua, Korede ndiye anayepigiwa simu aje na jiki. Adepero Oduye anaisoma bila papara. Hapandishi sauti kwenye damu. Anaitaja kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya kununua supamaketi. Hapo ndipo ucheshi unapotoka, na hapo ndipo unapogutuka kwamba wewe, abiria wa kiti cha nyuma, umebeba siri ambayo ungepaswa kuipeleka kwa polisi.

Sasa, hospitalini kuna mgonjwa anayeitwa Muhtar, aliyepoteza fahamu kitambo. Korede huketi kando yake na kumwambia kila kitu, kwa sababu hawezi kujibu. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu kwenye matatu hadi kondakta akanitazama. Muhtar si ndiye mimi, jameni! Amekaa tu, anamiminiwa siri sikioni, na hana la kusema. Ukisoma kwa macho unaweza kulipita hilo. Ukisikiliza, utalikwepea wapi? Na siku Muhtar anapofumbua macho... hapana, hiyo sitawaharibia.

Americanah ya Chimamanda Ngozi Adichie (2013) ni ndefu, usiianze ukiwa na haraka. Msomaji ni Adjoa Andoh, yule mnayemjua kama Lady Danbury wa Bridgerton. Kuna mahali Ifemelu, akiwa Marekani, anasifiwa na mtu wa simu kwamba anaongea kama Mmarekani kabisa. Anashukuru, halafu anaanza kujiuliza kwa nini ashukuru, na anaamua kuacha kutwenga. Kwenye karatasi unaambiwa tu kwamba lafudhi imebadilika. Hapa unazisikia Lagos, London na Marekani katika koo moja, na unaelewa ni kazi ngumu kiasi gani kuishi ukiigiza sauti ya wenyeji. Yeyote aliyewahi kupokea simu za wateja wa ng'ambo kutoka ofisi ya hapa Nairobi atanyamaza kidogo akifika hapo. Makala za blogu ya Ifemelu, lakini, zilinichosha. Machoni unaziruka au unazipitia haraka. Masikioni zinageuka hotuba.

Homegoing ya Yaa Gyasi (2016) ndiyo iliyoumia. Inafuata vizazi vya Effia na Esi, dada wa mama mmoja wasiojuana, mmoja akiolewa na Mwingereza wa ngome ya Cape Coast, mwingine akifungwa chini ya sakafu ya ngome hiyohiyo akisubiri meli. Kila sura ina mtu mpya. Kitabu cha karatasi kina mti wa ukoo mwanzoni, unaurudia kila ukipotea. Sikioni hakuna pa kurudi. Dominic Hoffman anasoma vizuri, sauti yake ni nzito na ya subira, ila ilinibidi nichore mti wangu nyuma ya risiti. Naona kuna mtu atasema kupotea huko ndiko maana yenyewe, kwani wajukuu wa Esi nao hawakujua walikotoka. Ni hoja nzuri. Bado ningependa ule mti.

Halafu nikatafuta Kiswahili. Kwenye programu ninayolipia kila mwezi niliandika majina ya riwaya tulizokulia. Sikupata hata moja. Mtandaoni kuna walimu wanaochambua vitabu teule sura kwa sura, na kazi yao ni ya maana, ila wanasoma kwa ajili ya mtihani. Mimi nataka Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka wa 1996. Mama yake Kongowea ni mwimbaji wa taarabu kule Tanga, yaani riwaya yenyewe inaanza na sauti! Na Walibora alikuwa mtangazaji. Kiswahili chake tulikisikia sebuleni kabla hatujakisoma. Alifariki Aprili 2020. Ningelipa bei yoyote kumsikia akiisoma yote.

Siitafuti kwa ajili yangu tu. Shangazi yangu alifundisha Kiswahili hadi akastaafu, na sasa macho yamemwacha. Nilimpendekezea Adichie. Akaniuliza, "Kwani Waswahili wameisha, mwanangu?" Basi usiku nikamsomea sura ya kwanza ya Siku Njema kwenye simu, nikamtumia. Asubuhi nilipata jibu la dakika sita. Mbili alitumia kunisalimia na kunisifu kidogo. Nne zilizobaki aliendelea na hadithi kutoka pale nilipoachia, kwa kichwa, bila kitabu.